Kuku wa Nadhiri na Megabaiti Thelathini na Mbili

Rispah Mbithe Ndulu,
Kanisa la Shukrani, Makazi Mapya,
Nyuma ya Ukunda.
18 Oktoba 1999.

Mchungaji Joel Mwinga,
Mwangalizi wa Makanisa,
Kwale.

Mheshimiwa Mwangalizi,

YAH: USHUHUDA WA KOMPYUTA KANISANI, NA JICHO LANGU LA KULIA

Shikamoo. Kwa umri ningekuwa naitikia marahaba, maana kaptura yako ya kwanza ya Shule ya Jumapili niliishona mimi, ulipokuwa huna meno ya mbele. Lakini cheo ni cheo. Natumaini uko salama huko juu mlimani pamoja na Mama Mchungaji. Sisi huku chini tu wazima. Wale tusio wazima hatupati nafasi ya kusema, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Utakumbuka kwamba macho yangu yalianza kuingia ukungu mwaka wa tisini na nne. Ulikuwa ugonjwa wa mtoto wa jicho, kulia na kushoto. Cherehani ikaenda kwa watu, na kwa miaka mitano nikawa nawatambua waumini kwa sauti na kikohozi. Mwezi wa Juni mwaka huu madaktari wa macho walipiga kambi ya siku nne hapa Ukunda. Nikiwa kwenye foleni, nimeshika bega la mwanamke aliyenitangulia, niliweka nadhiri. Nilisema: Bwana, ukinirudishia jicho moja tu, nitasimama mbele ya kanisa lako na kuku mkononi, niseme ulilonitendea. Wakatoa kioo cha jicho kilichochakaa, wakatia kipya cha plastiki, kidogo kama dengu. Naona. Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, na ukiona mistari imepinda, ni meza.

Ahadi ni deni, na ahadi kwa Mungu haina mdhamini. Madaktari wanarudi wiki ya kwanza ya Desemba kwa ajili ya jicho la kushoto, na majina yanafungwa mwisho wa Novemba. Mimi sitaandikisha jina langu kabla sijatimiza nadhiri ya jicho la kwanza. Hata jirani humwendei kuomba chumvi tena na bakuli lake bado liko kwako. Kwa hiyo, Mheshimiwa, jicho langu la kushoto liko mikononi mwa watu watatu wenye kompyuta, nami naomba nieleze jinsi lilivyofika huko.

Nimejitokeza kushuhudia tangu tarehe 22 Agosti. Jana ilikuwa Jumapili ya tisa. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Kuhusu saa. Ushuhuda katika kanisa letu huanza saa nne kamili na kwisha saa nne u nusu, kisha matoleo. Zamani nusu saa hiyo ilitutosha. Mmoja ameponywa henia, mwingine mwanawe amepata kazi ya kufagia ufuo wa hoteli, mwingine tembo wamepita shambani kwake bila kugusa mahindi. Tunasema Amina, tunaendelea. Sasa nusu saa yote ni mali ya Ndugu Musyoki, Ndugu Muindi na Mwalimu Kalama. Ndugu Musyoki ni karani wa stoo katika hoteli moja ya Diani, na kila hoteli inapobadilisha mashine zake, yeye huwa karibu. Tarehe 22 Agosti, siku niliyokuja na kuku wangu kwa mara ya kwanza, alisimama kabla yangu akasema: "Wapendwa, mwaka jana nilikuwa na megabaiti nane, watu wakinidharau. Bwana akanipandisha hadi kumi na sita. Leo nasimama mbele yenu na thelathini na mbili, na bado hajamaliza na mimi." Alipigiwa makofi na vigelegele na watu ambao hawajui kama megabaiti inaliwa au inavaliwa. Mimi mwenyewe nilipiga kigelegele kimoja, nikijua zamu yangu inafuata. Haikufuata.

2. Kuhusu umeme. Kanisa letu ndilo jengo la pekee lenye umeme katika makazi haya, kwa sababu ya nguzo tatu tulizolipiwa na mgeni mmoja mwenye moyo mwema ambaye hakujua anachokianzisha. Soketi ni moja, iko nyuma ya mimbari, na kwa miaka mingi ilikuwa ya kinanda. Sasa kinanda kimechomolewa na kwaya inaimba kavu, maana ushuhuda wa kompyuta hauaminiki mpaka kompyuta yenyewe iwashwe watu waone. Mashine ya Ndugu Muindi huchukua dakika kumi na moja kuamka. Nimehesabu. Kanisa zima huketi likitazama kioo cheusi kikijiandika mistari myeupe, na wazee wengine huinamisha vichwa wakidhani ni sala. Na mtu haruhusiwi kuikaribia na viatu, kwa ajili ya vumbi. Madhabahu tunakanyaga na makubazi yetu, lakini kwa mashine tunavua.

Niongeze hapa kwamba Ndugu Muindi, ambaye ana kinu cha kusaga mahindi, nyumbani kwake hana umeme hata wa tochi ya kuaminika. Wiki nzima kompyuta yake hukaa sebuleni imefunikwa leso. Mgeni akija hufunuliwa, akaitazama, akasema mashaallah au Bwana asifiwe kulingana na dini yake, kisha ikafunikwa tena. Jumapili ndiyo siku yake ya pekee ya kuwa kompyuta.

3. Kuhusu shuhuda zisizokwisha. Mtu akiponywa henia hushuhudia mara moja, akakaa. Harudi mwezi unaofuata kusema amepata henia bora zaidi na ameponywa tena. Hawa wenzetu, baraka ya mwezi uliopita huwa imezeeka mwezi huu. Mwalimu Kalama, anayefundisha darasa la sita na ambaye nilimheshimu kwa utulivu wake, ameshuhudia printa, akashuhudia spika mbili, akashuhudia kifaa cha kuingiza diski zinazong'aa, na wiki iliyofuata akashuhudia kwamba kifaa kile sasa kimekubali. Ulipofika wakati wa toba mwezi Septemba, Ndugu Muindi alijitokeza mbele akilia kwa sauti. Tulidhani ni pombe, tukafurahi kwamba sasa ameiacha. Kumbe anatubu kwamba amemwonea wivu Ndugu Musyoki, kwa kuwa yake yeye ilikuwa ya kizazi cha nyuma. Aliombewa robo saa. Baada ya wiki mbili akaja na mpya kuliko ya Musyoki, na safari hii aliyelia ni Musyoki.

4. Kuhusu kuku. Kuku wangu wa nadhiri ni mtetea mwekundu asiye na doa. Jumapili mbili za kwanza nilimleta na kumrudisha. Jumapili ya tatu, tukiwa tunangoja kompyuta ya Muindi iamke, alijichomoa mikononi mwangu, akaingia katika boksi lililokuja na kioo cha kompyuta ya Ndugu Musyoki, akapekua pale kwenye yale maboya meupe mepesi ya kukinga kioo kisivunjike, akataga. Ndugu Musyoki alinishtaki kwa wazee. Alisema boksi lile ni sehemu ya mali na likichafuka mali inashuka thamani. Wazee wakaniamuru nimzuie ndege wangu. Mimi niliuliza, kwa adabu, kati ya kuku aliyeahidiwa Mungu na boksi tupu, ni nani aliyekuwa mgeni kanisani siku ile.

Baada ya hapo kuku alianza kuatamia, na kwa wiki tatu nikawa nakuja na unyoya wake tu kama ithibati. Sasa ana vifaranga saba. Walikuwa tisa, mwewe amechukua wawili. Naomba mwongozo wako, Mheshimiwa, kwa sababu hapa kwetu hakuna mwenye nafasi ya kunipa. Niliahidi kuku mmoja. Je, vifaranga ni wa Mungu au ni wangu? Na kama ni wa Mungu, wale wawili wa mwewe wataandikwa kwa nani, ilhali mama yao angekuwa amekwishatolewa mwezi wa Agosti kama si zile megabaiti?

5. Kuhusu Mchungaji Samuel. Sisemi vibaya juu ya mchungaji wetu. Ni kijana mwema na mahubiri yake yanasikika hadi barabarani. Lakini amepewa zawadi ya kipanya. Kompyuta hana. Ana kipanya tu. Hukiweka mimbarini juu ya kitambaa cha kufumwa, na anapohubiri hukisukuma huku na huku, hasa akifika kwenye mambo ya mbinguni.

Tarehe 12 Septemba mashine ya Mwalimu Kalama iligoma kabisa kuwaka. Mchungaji Samuel akawaita wazee, wakaizunguka, wakaiwekea mikono, wakaomba kwa machozi. Ikawaka. Kanisa lilitetemeka. Mimi nilikuwa benchi la mbele na jicho langu jipya, nikaona wazi wazi kiatu cha mzee mmoja kikiisukuma plagi mpaka ikaingia. Sikusema neno, maana kukosoa muujiza si kazi ya mtu asiyepewa hata dakika tatu. Lakini nasikia ripoti ya robo mwaka uliyoletewa imehesabu miujiza minne katika kanisa letu. Mitatu ni ya mashine. Wa nne ni ule wa tembo. Mimi simo.

6. Kuhusu mfungo. Imetangazwa kwamba siku tatu za mwisho wa Desemba kanisa zima litafunga kuombea kompyuta, kwa kuwa inasemekana mwaka ukigeuka zitachanganyikiwa na kudhani ni mwaka elfu moja mia tisa. Sina neno na mgonjwa yeyote. Hata hivyo nilikaa gizani miaka mitano na sikusikia mtu aliyekosa chai yake ya asubuhi kwa ajili yangu. Nasema hili bila kuficha: liliniuma, na bado linaniuma. Tena mashine isiyojua huu ni mwaka gani haihitaji mfungo, inahitaji kalenda. Duka la mbolea hapa Ukunda huzitoa bure.

Mheshimiwa Mwangalizi, mimi si mtu wa kulalamika bila kuleta dawa. Maombi yangu ni manne, na ukilikataa moja naomba ulichukue linalofuata.

La kwanza, ushuhuda wa mitambo uhamishiwe Alhamisi alasiri, baada ya mkutano wa akina mama, na soketi irudishiwe kinanda.

La pili, kama hilo haliwezekani kwa kuwa mashine hizi zimekuwa sehemu ya ushirika, basi ziingie kwa mlango ule ule tuliouingia sisi. Zikae darasa la ubatizo miaka miwili. Mwalimu Kalama anasema yake haisahau kitu, kwa hiyo katekisimu haitaisumbua. Kisha zibatizwe. Unajua kanisa letu hubatiza kwa kuzamisha, katika maji ya chumvi, pale Galu. Mimi ni mzee lakini niko tayari kushika upande mmoja.

La tatu, kama zitabatizwa, zitoe zaka kama washirika wengine. Katika megabaiti thelathini na mbili, sehemu ya kumi ni tatu na kidogo. Ziletwe mbele katika sahani, tuzione. Kwa kuwa najua haziwezi kuonekana, nadhani jambo hili litawafikirisha.

La nne na la mwisho: kama yote hayo ni mazito, nipe kibali chenye muhuri nikatimize nadhiri yangu stendi ya Ukunda. Kuna bwana pale anayeuza sumu ya panya kwa kipaza sauti, na tumekwishazungumza. Amekubali kunipa dakika tano kila asubuhi kabla ya wateja kuzidi, naye ni mtu ambaye sijawahi kumsikia akitaja megabaiti. Kama nadhiri inaweza kutimizwa mbele ya panya, nijulishe kwa maandishi, niweze kuandikisha jicho la kushoto kabla ya Novemba kwisha.

Nakuomba usiyachukulie haya kuwa ni chuki. Nawaombea ndugu hawa watatu kila jioni, kwa majina, na mashine zao pia, ziharibike kwa upole bila kumwumiza mtu.

Msalimie sana Mama Mchungaji na mguu wake. Wasalimie watoto, kuanzia yule wa sekondari hadi yule anayetambaa, na wazee wote wa baraza la Kwale wanaonikumbuka, na wale wasionikumbuka uwakumbushe kuwa ni yule fundi wa sare za kwaya. Kuku anaendelea vizuri.

Nabaki kuwa dada yako mtiifu katika imani, mwenye jicho moja na nadhiri moja,

Rispah Mbithe Ndulu.

Nyongeza. Jumapili jioni, tarehe 24 Oktoba.

Barua hii nilikwisha kuifunga, ikimngoja tu Garama wa duka la mbolea apande Kwale kesho. Nimeifungua.

Leo umeme ulikatika Ukunda yote kuanzia saa mbili asubuhi. Wale ndugu watatu walikaa na mashine zao mapajani kama waliofiwa. Mchungaji Samuel alitazama huku na huku, kisha akauliza kama yupo mwenye ushuhuda usiotumia umeme. Nilisimama na kuku wangu.

Nilisema niliyoyaahidi. Kwa kweli hayakuzidi dakika tatu. Nilikuwa nimeyasema peke yangu jikoni kwa miezi minne mpaka yakapungua. Kanisa likasema Amina, kama linavyosema kwa henia, kuku akapokelewa, nami nikageuka kurudi kitini. Nilijisikia mwepesi, lakini nitakuambia ukweli, nilisikia pia baridi kidogo. Nilikuwa nimelibeba jambo kubwa sana muda mrefu, na sasa lilikuwa limekwisha.

Ndipo Ndugu Musyoki akainua mkono, akauliza kioo hicho ni cha nguvu ngapi.

Mheshimiwa, kadi ya kioo hicho ilikuwa mkobani mwangu tangu Juni. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Niliitoa, nikaisoma kwa jicho lenyewe: ishirini na moja nukta tano. Akatikisa kichwa kwa heshima. Mwalimu Kalama akataka kujua kama kile cha zamani kilitolewa kwanza au kipya kimewekwa juu yake, na kimetengenezwa wapi. Nikasema kilitolewa, na kipya ni cha Bara Hindi. Wakaniomba nisogee dirishani. Wakavua viatu, wakanitazama jichoni kwa zamu, mmoja baada ya mwingine, na Kalama akasema ukikaa kwa upande unakiona kinametameta. Nusu ya kanisa ikasimama kuja kuona kinavyometameta.

Kisha Ndugu Muindi, ambaye nimemdharau kuliko wenzake, akauliza kwa sauti ya chini: "Mama, bendeji ilipotoka, uliona nini kwanza?"

Watoto wangu wanne waliniuliza kama iliuma. Majirani waliuliza kama ilikuwa ya bure. Swali hili la Muindi ndilo nililokuwa nikilingoja, na sikujua nalingoja mpaka nilipolisikia. Nikawaambia niliona kifungo cha koti la daktari kikining'inia kwa uzi mmoja, nikaomba sindano. Kisha nikaona mikono miwili ya kizee mapajani pangu, nikadhani marehemu mama yangu amekuja kukaa nami, mpaka nilipochezesha vidole. Nikaendelea. Niliwaeleza rangi za leso barabarani, na sura za wajukuu niliowajua kwa kilio tu, na jinsi nilivyokuta jikoni pangu ni pachafu kuliko nilivyoambiwa. Nilisema mpaka saa tano na robo. Matoleo hayakukusanywa.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mwangalizi, maombi yangu yote manne nayaondoa, pamoja na lile la Galu. Mahali pake naleta moja tu: nusu saa ya ushuhuda haimtoshi mtu mwenye kifaa kipya, tafadhali uiongeze iwe saa nzima. Kesho asubuhi naandikisha jina langu kwa ajili ya Desemba. Ndugu Musyoki ameomba niwaulize madaktari kama la kushoto linaweza kupata nguvu zaidi, ili tulinganishe.

Limebaki jambo dogo. Mama Kanze alikuwa nyuma yangu leo na shukrani ya mjukuu wake aliyepona surua, akakosa nafasi. Nasikia ameomba karatasi kwa Mwalimu Kalama na anakuandikia barua ndefu kunihusu. Ikikufikia, naomba usiishughulikie kwa haraka, angalau mpaka nikishashuhudia jicho la kushoto.